Bi Mwanamkuu na Mwali wa Darasa la Nne

Nyumba ya Bi Mwanamkuu binti Mfaume ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, bati juu, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenyewe alikaa chumba cha mbele, mkono wa kulia. Sisi tulipanga chumba cha mwisho kuelekea uani: baba, mama, mimi Blandina na wadogo zangu. Tulikuwa watu wa Masasi, Wakristo, na baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Kila chumba katika nyumba ile kilikuwa na kabila lake na dini yake, lakini ua ulikuwa mmoja, na ua ulikuwa wa Bi Mwanamkuu. Yeye ndiye aliyesema nani afue leo na nani akoke moto wapi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyofika mbali bila kupandishwa. Alisema alizaliwa wakati Wajerumani wakijenga reli, na hakuna aliyemdai zaidi ya hapo. Mumewe alikuwa amekufa zamani, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, alikodisha vyombo vya shughuli: masufuria, sinia, mabirika na vikombe vya udongo vya maua mekundu. Ya pili, alikuwa kungwi. Msichana wa mtaani akivunja ungo, wazazi walimpeleka kwake awekwe ndani na kufundwa, asionekane na mwanamume yeyote mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Nusu ya mama za Kariakoo walikuwa wamepita mikononi mwake. Alipokatiza sokoni, wauza samaki walisogeza miguu apite.

Shule hakuwa na habari nayo. Alituona tukitoka asubuhi na sare zetu na kurudi mchana, basi.

Siku moja mwishoni mwa mwaka, nikiwa darasa la pili, Mwalimu Clotilda alikuja nyumbani. Mwalimu Clotilda alitoka Rombo, Kilimanjaro. Alikuwa msichana bado, mfupi, mnene kidogo, na alizungumza Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alifundisha darasa la nne katika shule yetu ya wasichana, upande wa Mnazi Mmoja. Nilipomwona mlangoni nilidhani nimeshitakiwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe una vikombe vya kukodi."

"Marahaba. Ninavyo. Shughuli ya nini? Ndoa?"

"Si ndoa. Ni siku ya zawadi shuleni. Wasichana waliofanya vizuri wanapewa zawadi mbele ya wazazi wao, halafu tunakunywa chai."

"Wazazi wangapi?"

"Nimewaita wote," alisema Mwalimu Clotilda. "Nipe vyote ulivyo navyo."

Bi Mwanamkuu hakuwa na desturi ya kuacha vyombo vyake viende peke yake. Vikombe, alisema, vina miguu. Kwa hiyo siku ile alikuja navyo shuleni, mkokoteni mbele unasukumwa na hamali, yeye nyuma na buibui lake, akapanga vikombe juu ya meza ndefu kwenye kivuli cha baraza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia katika uwanja wa shule.

Viti vilipangwa. Viti havikukaliwa. Alikuja karani mmoja wa posta, walikuja wazee wawili waliovaa kanzu, na akina mama wachache walisimama nje ya ua wa miti wakichungulia, kama watu wanaotazama msiba wa wasiowajua. Mama yangu hakuja. Si kwamba hakunipenda. Aliona shule ni mambo ya baba, na baba alikuwa bandarini kwenye meli.

Mwalimu mkuu, bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na nywele nyeupe, alitoa hotuba fupi. Kisha Mwalimu Clotilda akaanza kuita majina. Niliitwa mimi kwa mwandiko mzuri, nikaenda, nikapewa penseli, nikarudi. Walimu walipiga makofi. Mikono ya walimu si mingi. Makofi yale yalisikika kama mvua inayoanza na kubadili nia.

Akaitwa Siti binti Kitwana wa darasa la tatu, wa kwanza kwa hesabu na wa kwanza kwa kusoma. Siti tulimjua sote, nyumba yao ilikuwa ya pili kutoka yetu. Alikuwa msichana mkimya, mwenye shingo ndefu. Alikwenda akachukua kitabu chake, akapiga goti, akarudi kukaa, uso umemkauka, kama aliyetumwa chumvi dukani.

Hapo Bi Mwanamkuu akaweka chini kikombe alichokuwa anafuta, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kigelegele cha mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote. Kilipanda juu ya paa la shule, wauza machungwa barabarani wakageuka. Mwalimu mkuu akashika kofia yake. Mwalimu Clotilda alisimama na karatasi mkononi, na sisi tukangoja kuona nani atagombezwa.

"Samahani, mwalimu," Bi Mwanamkuu alisema kutoka mezani. "Nilidhani ni sherehe."

"Ni sherehe, mama," alijibu Mwalimu Clotilda. Akatazama viti vilivyo wazi, akatazama karatasi yake. Akamwita msichana mwingine.

"Na huyu kafanya nini?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Huyu hakukosa shule hata siku moja mwaka mzima. Anatoka Ilala kwa miguu, hata siku za mvua."

Kigelegele. Sasa wasichana wakaanza kucheka na kunyoosha shingo. Kila aliyeitwa, Bi Mwanamkuu aliuliza amefanya nini, na mwalimu akaeleza kwa sauti: huyu anaongoza nyimbo, huyu amejifunza kushona vizuri, huyu alikuwa anawachotea maji wenzake walipougua surua. Kila mmoja alipata chake. Wale mama waliokuwa nje walisogea mpaka mlangoni, ingawa hawakuingia.

Jioni ile, akipanga vikombe kabatini, aliniita nimwonyeshe penseli yangu. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Mama yako angekuwapo," alisema. Kisha akasema tena, si kwangu hasa, "Mtu akitoa mwali, mtaa unajaa mpaka unakosa pa kukanyaga. Wale watoto wamekaa pale kama yatima."

Mwaka uliofuata Siti akaingia darasa la nne, kwa Mwalimu Clotilda mwenyewe. Darasa la nne ndilo lililokuwa na mtihani. Waliofaulu sana walichaguliwa kuendelea na shule ya kati, na kwa wasichana nafasi zilikuwa chache mno. Mwalimu Clotilda alikuwa na tumaini kwa Siti. Hakulisema, lakini lilionekana. Alimpa vitabu vyake mwenyewe aende navyo nyumbani.

Mvua za vuli zikikaribia, Siti akavunja ungo.

Mama yake, Bi Sophia, alikuja kwetu asubuhi na doti mpya ya khanga mikononi, kama ilivyo ada. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, na walizungumza ukumbini, mlango wazi.

"Mwanangu amekua," alisema Bi Sophia. "Nimekuletea wewe, kwa sababu mimi mwenyewe nimefundwa na wewe."

Bi Mwanamkuu hakuipokea ile khanga mara moja. "Mtihani wao ni lini?"

"Mtihani gani?"

"Wa shule."

"Ah, shule imekwisha, Bi Mwanamkuu. Amejua kusoma, yatosha. Nikimwacha aende huko na kurudi, amekwisha kuwa mkubwa, watu watasemaje? Kitwana yuko bandarini kutwa. Akipatwa na neno, atakayenyooshewa kidole ni mimi."

Alisema kweli, na Bi Mwanamkuu alijua. Alijua pia kwamba akikataa, Siti atapelekwa kwa kungwi mwingine siku ileile, na mlango utafungwa. Akanyoosha mikono miwili, akaipokea khanga.

"Nikimchukua, ni wangu mpaka nitakapomtoa. Nitamfunda ninavyojua mimi, na hakuna wa kuniingilia. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Basi mlete leo jioni."

Siti akaletwa, amefunikwa kaniki tangu kichwani, akaingizwa chumba kilichopakana na chetu. Tangu siku ile kwa miezi sikumwona uso, nilisikia sauti yake tu kupitia ukutani, na mara nyingi hata sauti haikusikika.

Haikupita wiki, Mwalimu Clotilda akaja. Hakuketi. Alisimama barazani, kitambaa cha mkono amekikunja kidogo kidogo.

"Mama, Siti haji shuleni. Nimekwenda kwao, wameniambia nije kwako."

"Yuko ndani. Ni mwali."

Mwalimu Clotilda hakuuliza mwali ni nini. Alikuwa amekaa Dar es Salaam muda wa kutosha, na madawati ya darasa lake yalikuwa yameachwa wazi hivyohivyo mwaka baada ya mwaka. Alitazama chini.

"Basi msalimie," alisema. "Mwambie vitabu akae navyo." Akageuka aende.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Mwanamkuu. "Umekata tamaa mapema. Mwanamume ndiye haingii mle. Mwanamke mzima anaingia. Wewe si mwanamke mzima?"

"Sijaolewa, mama."

"Sikukuuliza ndoa."

Mwalimu Clotilda akainua macho.

"Njoo kila siku ukimaliza shule," alisema Bi Mwanamkuu. "Uje na chaki. Ubao wa mkononi ninao, aliusahau mpangaji mmoja. Lakini kuna masharti. Utakayoyaona mle hutayasema nje. Na asubuhi ni yangu, mchana ni wako, usinichanganyie."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Bi Mwanamkuu alifunga mlango na kufundisha yake, ambayo hata kama niliyasikia sitayaandika. Mchana Mwalimu Clotilda alifika, jasho limemtoka kwa jua la barabarani, akavua viatu mlangoni, akaingia. Kupitia ukutani nikasikia hesabu za kugawanya, majina ya mito na milima, na maneno ya Kiingereza yakirudiwa rudiwa. Bi Mwanamkuu alikaa kizingitini akipepeta mchele. Siku moja nilimsikia akiuliza, "Hiyo baki inayobaki, mnaipeleka wapi?" Siti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu awekwe ndani, na mwalimu akaeleza baki upya, polepole, kwa wanafunzi wawili.

Mtaani maneno yakaanza. Kulikuwa na kungwi mwingine Mtaa wa Mchikichi, Bi Theopista, bado akiitwa kwa jina la ubatizo ingawa alikuwa amesilimu miaka mingi, mtu wa ada na heshima, naye alikuja kumwambia Bi Mwanamkuu ana kwa ana. Nakumbuka alikataa kahawa.

"Unaingiza mgeni kwa mwali, Bi Mwanamkuu. Mchaga, Mkristo, hajachezwa ngoma yetu hata moja. Mambo haya tumeachiwa na wakubwa."

"Anayeingia kwa mwali ni mwenye kufunza," alijibu Bi Mwanamkuu. "Naye anafunza. Kwangu hajagusa kitu, na mimi kwake sijagusa."

"Watu watakukimbia."

"Watakaokimbia nitawaona migongo."

Waliokimbia walikuwepo. Msichana mmoja wa Mtaa wa Kongo aliyekuwa aletwe kwake alipelekwa kwa Bi Theopista, na mwingine baadaye. Bi Mwanamkuu hakulizungumza jambo hilo. Lakini mama yangu aliniambia kwamba mwezi ule alimwona akikaa barazani saa nyingi bila kazi mikononi, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Bi Sophia hakuwa anajua habari za mwalimu. Alikuwa analeta chakula asubuhi na kuondoka. Alasiri moja alichelewa, akaja na bakuli la wali na samaki wakati Mwalimu Clotilda yumo ndani. Nilikuwa ukumbini nikimbembeleza mdogo wangu. Nilimwona akisimama mlangoni, bakuli mikononi.

"Bi Mwanamkuu," alisema, "nilikukabidhi mwanangu umfunde."

"Namfunda."

"Na huyu?"

"Huyu naye anamfunda. Nilikwambia hakuna wa kuniingilia, ukakubali. Ingia ukae, Mama Siti, usisimame na chakula."

Bi Sophia aliingia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mlango ulibaki wazi kidogo. Mwalimu Clotilda alitaka kuinuka, Bi Mwanamkuu akamwashiria akae. "Mwambie aendelee pale alipofika," alisema.

Siti akasoma. Ilikuwa habari ya mkulima na kisima chake, hadithi ya kitabu cha shule, hakuna kikubwa ndani yake. Alisoma kwa sauti ndogo mwanzoni, kisha akasahau kwamba mama yake yupo, sauti ikanyooka. Mahali pa kuuliza aliuliza, mahali pa kusimama alisimama. Alipomaliza ukurasa, Bi Sophia alisogea akakitazama kitabu.

"Hayo yote yameandikwa humo?" Bi Sophia aliuliza.

"Yote, mama," alisema Siti.

"Miaka hii yote hukuwahi kunisomea."

"Hukuwahi kuniambia nikusomee."

Bi Sophia alipangusa mikono yake kwa khanga, mara mbili, ingawa mikono ilikuwa mikavu. Alipoondoka, aliacha bakuli, na kesho yake alileta chakula cha watu wawili. Cha pili, alisema, ni cha mwalimu, maana anatoka shule na njaa.

Asubuhi ya mtihani nililala macho tangu alfajiri. Ukumbi ulijaa wanawake. Bi Mwanamkuu alimfunika Siti buibui, juu yake kaniki, mpaka hakuonekana hata ukucha. Kisha wanawake wakamzunguka: Bi Sophia, majirani, na mama yangu Paskalina, aliyekuwa amefunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Walitembea wamemweka katikati kutoka Mtaa wa Sikukuu mpaka shuleni, bila ngoma na bila wimbo. Wauza duka wa Kihindi walitoka mlangoni kutazama. Wanaume waliokutana nao walipisha, wakatazama pembeni.

Msimamizi wa mtihani alikuwa bwana mmoja aliyetumwa na ofisi ya elimu, Mwafrika, kaptura nyeupe na soksi ndefu. Aliliona lile kundi likija akatoka kwenye ngazi.

"Hapa ni mtihani," alisema.

"Ndiyo maana tumekuja," alisema Bi Mwanamkuu. "Huyu ni Siti binti Kitwana. Ni mwali wangu. Atafanya mtihani kama wenziwe, ila hatafunuliwa uso."

"Mama, haiwezekani. Lazima nijue ni yeye."

"Wewe unamjua sura?"

"Simjui."

"Basi ukimwona utajua nini?"

Yule bwana alikuwa mtu wa pwani pia, ilisikika katika usemi wake, na nafikiri alikuwa na dada. Mwalimu Clotilda akashuka ngazi.

"Mimi namjua, bwana. Nitaingia naye chumba cha pembeni nimtazame, kisha nitakuandikia na kutia sahihi yangu kwamba ndiye."

Msimamizi akageuka nyuma. Ndani wasichana wengine walikuwa wameshakaa, wote wanachungulia dirishani.

"Dawati la nyuma kabisa," alisema mwishowe. "Na mikono ionekane."

"Mikono ruksa," alisema Bi Mwanamkuu.

Sisi wa madarasa ya chini tulifukuzwa tusipige kelele, lakini niliona kupitia mlango: safu za wasichana wenye sare, na mwisho wa chumba umbo jeusi limeinama, mikono miwili imetoka nje ya kaniki, mmoja umeshika karatasi, mmoja unaandika. Akina mama walikaa chini ya ukuta wa nje asubuhi nzima. Walikuwa wanawake wa kusema sana, lakini siku ile walinong'ona tu. Mama yangu alisimulia kwamba Bi Sophia alimuuliza zaidi ya mara moja kama hesabu za kugawanya ni ngumu, naye akamjibu kwamba hajui, lakini Blandina anazilalamikia.

Majibu yalikuja mwaka mpya, shule zilipofunguliwa. Mwalimu mkuu aliyasoma ofisini, na Mwalimu Clotilda hakungoja mchana. Alikuja Mtaa wa Sikukuu kipindi cha mapumziko, anatembea mbio na viatu vya visigino. Siti amechaguliwa shule ya kati ya bweni, huko bara. Katika shule yetu yeye peke yake.

Bi Mwanamkuu aliingia chumbani kumwambia mwali wake, akafunga mlango. Tulisikia kilio, na sikujua ni nani kati yao aliyekuwa akilia.

Alipotoka alikuwa ameshapanga. "Siku yako ya zawadi ya mwaka jana hujaifanya," alimwambia mwalimu.

"Niliichelewesha kusudi, nikingoja majibu."

"Nami sijamtoa mwali wangu. Tuzifanye siku moja, palepale kwenu."

Mwalimu Clotilda alikwenda kuomba ruhusa. Alisimulia baadaye kwamba mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akauliza kama ngoma zinavunja vioo vya madirisha. Alipoambiwa hazivunji, akasema basi.

Kutolewa kwa mwali si jambo ambalo mwanamke wa mtaa hukosa bila sababu. Ni deni la jirani kwa jirani. Walikuja wa Mtaa wa Sikukuu na wa Mtaa wa Swahili, walikuja wa Ilala, walikuja na watoto migongoni, wamevaa khanga za sare walizoshona kwa ajili ya siku ile, na wote wakaingia uwanja wa shule kwa sababu huko ndiko mwali alikopelekwa. Viti havikutosha. Walikaa chini, barazani, kwenye mizizi ya miti. Na Siti akaja begani, kama mwali anavyopaswa kuja, uso wazi sasa, amepakwa liwa, macho ameyainamisha. Aliyembeba begani alikuwa mama yangu. Huko Masasi mama alikuwa amebeba wengi, alisema, na Siti alikuwa mwepesi.

Bi Mwanamkuu alitangulia mbele ya ngoma, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe, na wanawake wakapokea:

*Mwali wetu katoka, katoka na kalamu,*
*Mpeni kiti akae, mpokeeni kwa salamu.*

Walipomtua, Mwalimu Clotilda akaanza kuita majina. Na kwa kila jina wanawake waliuliza, "Wa nani huyo?" na kutoka mahali fulani uwanjani mtu akajibu, "Wangu," kwanza kwa haya, kisha bila haya. Mama mmoja alikuja kumtazama mwali tu, hakujua kwamba binti yake anapewa zawadi ya usafi. Alisukumwa mbele na wenzake, akafika akiwa amefunika mdomo kwa khanga. Msichana mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani aliitwa kwa sababu kila siku alikuwa anafika kabla ya wote na kufagia bila kutumwa. Kelele alizopigiwa hazikuwa pungufu ya za Siti. Alisimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi, anacheka.

Kitwana, baba yake Siti, alitoroka kazini na wenzake kadhaa. Walisimama nje ya ua wa miti na nguo zao za kazi zenye vumbi la saruji, kwa kuwa ndani ilikuwa shughuli ya wanawake. Jina la Siti lilipoitwa na ikasomwa shule anayokwenda, mwenzake mmoja alimpiga begani. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshika mti wa ua kwa mikono miwili.

Siti akasafiri kwa treni wiki iliyofuata. Sanduku lake lilijaa vitu vya majirani: khanga, sabuni, mafuta ya nazi, hata uzi na sindano kutoka kwa Bi Theopista wa Mchikichi, aliyetuma mtu, hakuja mwenyewe.

Si kila kitu kilibadilika. Mwaka uleule msichana wa darasa langu alikatizwa masomo akaozwa Kilwa. Bi Mwanamkuu alikwenda kwao kuzungumza, akarudi mapema. Mwalimu Clotilda alikuwa anamngoja barazani. "Huyo nimeshindwa," alimwambia, akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena. Lakini wazazi walianza kuingia shuleni. Walikuja kuuliza habari za watoto wao, wengine walikuja kusaidia kupika uji wa saa nne. Ulipofanywa mkutano wa wazazi, Bi Mwanamkuu, asiye na mtoto, aliitwa akae mbele. Alikataa kukaa mbele. Alikaa katikati ya wanawake wake. Mama yangu alikaa pembeni yake, na tangu hapo kila jioni akaniambia nimsomee ukurasa mmoja.

Siti alirudi likizo ya kwanza, amerefuka, ana viatu vyeusi na soksi. Alifika kwetu kabla hajavua hata vumbi la safari, akapiga goti mbele ya Bi Mwanamkuu. Sisi watoto tulimzunguka, tukamtaka aseme Kiingereza, atueleze baridi ya huko na taa za bwenini. Bi Mwanamkuu alitunyamazisha. Alimkalisha mkekani, akamshika mkono, akaupima kwa vidole vyake karibu na kiwiko.

"Mnakula nini huko?"

"Ugali na maharage, bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Bi Mwanamkuu akainuka, akakaza khanga yake, akaenda uani kubandika sufuria ya wali.